Wifi Ndiye Kiongozi

Mganga Mkuu alipofungua kinywa kumtaja kiongozi mpya wa vyumba vya upasuaji, Mama Usingizi alikuwa ameshainuka nusu kutoka kitini. Kisha likatajwa jina la wifi yake. Ikabidi apeleke mkono nyuma na kulivuta koti lake jeupe, kana kwamba alichoinukia ni koti lililokunjamana, akaketi tena na kupiga makofi pamoja na wenzake. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka viganja vikamwasha.

Mama Usingizi lilikuwa jina la hospitalini. Alikuwa daktari bingwa wa dawa za usingizi, aliyemaliza masomo ya ubingwa juzijuzi tu, na wagonjwa walimbandika jina hilo kwa sababu hakuwahi kumlaza mtu kimyakimya. Alikuuliza habari za watoto, za kazi, za goti linalokusumbua, mpaka unasinzia katikati ya jibu. Wifi yake naye alikuwa bingwa mpya wa upasuaji, mdogo wa mwisho wa mumewe. Nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba, na kazini pia waliishia kumwita hivyo, maana Mama Usingizi mwenyewe aliwahi kuliropoka jina hilo mbele ya wauguzi.

Hospitali ilikuwa na mpango wa kuwafunza uongozi mabingwa wake wachanga. Mganga Mkuu, mzee wa sauti ndogo ambaye watu walimsogelea ili wamsikie, alikuwa amechoka kusuluhisha ugomvi wa madaktari wanaojua kukata na kushona lakini hawajui kuzungumza na mtu wanayefanya naye kazi. Kila Ijumaa mkufunzi alikuja kuwafundisha namna ya kuendesha kikao, kugawa zamu, na kumwambia mtu kosa lake bila kumvua nguo mbele za watu. Mwisho wa mafunzo mmoja wao angekabidhiwa vyumba vya upasuaji kwa miezi mitatu aviongoze kwelikweli, na lawama zake zote.

Mama Usingizi hakuona mwingine zaidi yake. Nani alishinda thieta kutwa nzima? Wapasuaji huja, hukata, huvua glavu na kwenda zao. Yeye ndiye aliyejua mashine ipi ina kiburi, muuguzi yupi hapatani na yupi, na taa ipi inataka kugongwa ndipo iwake. Sasa yote hayo amepewa Kitinda, ambaye mpaka leo huuliza swichi ya kipoza hewa iko wapi!

Jumapili Kitinda alikuja kula nyumbani kwa kaka yake, kama kawaida. Mama mkwe, aliyeishi na Mama Usingizi na mumewe tangu alipofiwa na mzee wake, alimpokea bintiye mlangoni kwa vigelegele vilivyowatoa majirani nje.

"Mwanangu anaongoza wanaume na mikasi yao!" alisema. "Njoo hapa nikushike."

"Mama, ni miezi mitatu tu," Kitinda alisema, lakini alikuwa akicheka.

Mama Usingizi alipakua. Alimpa wifi yake paja la kuku, kwa kuwa ndivyo ilivyopasa, naye akachukua shingo, kwa kuwa ndivyo alivyojisikia.

"Hebu nihesabu," mumewe alisema akitafuna. "Nyumbani bosi wako ni Mama. Kazini bosi wako ni dada yangu. Mke wangu, nakuonea huruma kwelikweli."

Wote walivunjika mbavu. Mama Usingizi naye akacheka, akainuka, akaenda jikoni kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Huko jikoni akamsikia Kitinda akieleza mipango yake.

"Nitaanza na kikao kifupi kila asubuhi. Tusimame wote, hata anayesukuma kitanda, kila mtu aseme linalomkwaza kabla hatujaanza kazi."

Mkono wa Mama Usingizi ulisimama ndani ya sufuria. Wazo hilo walikuwa wamelizungumza ndani ya gari, siku moja wakirudi kazini pamoja. Alikuwa na hakika lilitoka kinywani mwake. Au walilijenga wote wawili, mmoja akianza kusema na mwenzake akimalizia? Alijaribu kukumbuka na hakuweza, kwa hiyo akaamua lilikuwa lake. Na sasa mwenziwe alikuwa akilila mezani pamoja na paja la kuku.

Laiti Kitinda angevurunda, mambo yangekuwa mepesi. Hakuvurunda. Sista mkuu wa thieta, mwanamke aliyekuwa na desturi ya kuwajibu wapasuaji kwa kuwageuzia mgongo, alianza kumwekea kiti kwenye chumba cha chai. Wahudumu waliokuwa wakinyamaza vikaoni sasa walisema, na waliposema, jambo lilitendeka. Mganga Mkuu alipita siku moja, akasimama mlangoni mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Hajawahi kunitikisia mimi kichwa, Mama Usingizi aliwaza.

Alijipatia silaha yake. Ilikuwa silaha ndogo, na haikuwa na kosa la kukamatiwa.

"Wifi, unaonaje tukimtanguliza yule mgonjwa wa kisukari?"

"Kiongozi ni wewe."

"Hii zamu ya mchana, tumwongeze mtu mmoja au tuache?"

"Kiongozi ni wewe, Daktari."

Alilisema kwa tabasamu. Mara za mwanzo Kitinda alicheka. Baadaye aliacha kucheka, na baadaye zaidi akaacha kuuliza. Hapo Mama Usingizi akapata la kumlaumu: tazama, hata ushauri hauombi, amevimba kichwa.

Jioni moja, watu walipokuwa wakibadili nguo kwenda nyumbani, fundi wa vifaa vya tiba alimkuta akifunga dawa zake kabatini.

"Daktari, mashine ya usingizi ya chumba cha pili haishiki hewa," alisema. "Valvu imechakaa. Mpya ninayo stoo, ila inataka asubuhi nzima kuifunga. Kesho msiitumie kabla ya saa sita. Utamwambia kiongozi?"

"Nitamwambia."

Alidhamiria kumwambia. Hata alipofika nyumbani alidhamiria. Lakini mezani mama mkwe alikuwa akisimulia kuwa kesho wageni wa bodi wanakwenda hospitali kumtazama Kitinda, pamoja na mkufunzi, na kwamba amemwambia binti yake avae ile blauzi ya buluu inayomkaa vizuri. Mama Usingizi alitia tonge kinywani akalitafuna polepole. Akajua kwamba hatamwambia.

Alijieleza kwamba hakuna mgonjwa atakayedhurika. Mlazaji alikuwa yeye mwenyewe, na kazi yake aliijua. Angeikagua mashine kabla ya kumgusa mtu yeyote, angesema haifai, basi. Kitakachoanguka ni orodha tu, na orodha haina damu.

Asubuhi Kitinda alisimama katikati ya duara la watu wenye kofia na barakoa, wageni wakiwa wamejibanza ukutani. Chumba cha kwanza, alisema, kitaanza na mzee wa tumbo, upasuaji mrefu. Chumba cha pili ni watoto wa ngiri, mmoja baada ya mwingine. Akapita kwa kila mtu. Vifaa? Tayari. Wodi? Tayari.

"Usingizi, kuna linalowakwaza?"

Macho yao yalikutana. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Angesema neno moja tu, watoto wangetangulia chumba cha kwanza na mzee angesubiri kitandani kwake bila shida yoyote.

"Hakuna," alisema Mama Usingizi.

Mzee akalazwa usingizi na msaidizi wa Mama Usingizi, tumbo likafunguliwa. Ndipo mtoto wa kwanza alipoletwa chumba cha pili, mgeni mmoja wa bodi akinyosha shingo kuchungulia. Mama Usingizi aliwasha mashine, akafinya mfuko wake wa hewa, akaisikiliza, akainua uso.

"Mashine hii haifai," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani. "Simlazi mtoto hapa."

Mambo yakaporomoka kama alivyotaka. Chumba cha kwanza hakiwezi kuachwa, tumbo liko wazi. Chumba cha pili hakitumiki. Watoto wote walikuwa hawajala wala kunywa tangu alfajiri, na sasa walikuwa wamepangwa kwenye benchi la koridoni na magauni yao makubwa, wameanza kulia mmoja akimwambukiza mwenzake. Wazazi wakasimama. Mama mmoja mwenye mtandio wa kijani alimbeba mwanawe begani na kuuliza kwa sauti ni nani anayehusika hapa. Mkufunzi alikuwa akitazama saa. Mama Usingizi aliegemea mlango, akingoja kumwona Kitinda akibabaika.

Kitinda alikuja, akavua barakoa, akachutama mbele ya benchi mpaka uso wake ukalingana na nyuso za watoto, kisha akainuka kuwakabili wazazi.

"Kosa ni letu," alisema. "Mimi ndiye ninayeongoza hapa, kwa hiyo ni langu. Watoto wanaletewa chakula sasa hivi. Kesho watakuwa wa kwanza, na nitakuja wodini kuwachukua mimi mwenyewe. Nisameheni."

Hakutafuta wa kumsukumia. Hakugeuka hata kumtazama mtu wa usingizi. Mama mwenye mtandio alishusha pumzi, akamhamishia mtoto bega la pili na kuketi. Sauti koridoni zikatulia.

Na Mama Usingizi, aliyedhani atafurahi, alihisi roho ikimuuma kuliko siku zote. Hata kuomba radhi Kitinda alikuwa anajua kuliko yeye! Angekuwa yeye, angetetea, angeeleza, angetaja fundi na stoo na bajeti. Alimtazama wifi yake akipapasa kichwa cha mtoto, na akamwonea wivu hata kwa aibu aliyomtengenezea kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo fundi alipotokea na kisanduku chake na valvu mpya ndani ya mfuko wa plastiki. Akashangaa kuona umati.

"Jamani, mbona mmewaleta watoto huku? Si nilimwambia daktari jana kwamba haitashika hewa?"

"Daktari gani?" sista mkuu aliuliza.

Fundi alimtazama Mama Usingizi, kisha akatazama chini. Mtoto mmoja alikuwa bado ana kwikwi.

Mchana Mganga Mkuu aliwaita wote wawili ofisini. Chumba kilikuwa kidogo, feni ikikwaruza juu, na viti vyao viligusana.

"Ulisahau?" mzee alimuuliza Mama Usingizi kwa ile sauti yake ndogo.

Alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Angesema amesahau, kazi nyingi, uchovu, na yangekwisha. Alifungua kinywa aseme hivyo, akahisi kiwiko cha Kitinda kimemgusa, kimekakamaa kama chuma.

"Sikusahau," alisema.

Mganga Mkuu alimgeukia Kitinda. "Umesikia. Thieta ni yako, na huyu ni mtu wako. Sema."

Kitinda alifumbata mikono mapajani.

"Atoke thieta mwezi mzima," alisema. "Akae kliniki, aandae wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Na leo hii aende wodini, awaambie wale wazazi ukweli. Yeye mwenyewe."

"Na nafasi yake katika mpango wa uongozi?"

"Hilo ni lako, mzee. Mimi siliwezi."

"Basi itangoja," alisema Mganga Mkuu. "Na itangoja sana."

Wodini watoto walikuwa wameshakula na wengine wamelala. Mama mwenye mtandio wa kijani alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulimwona mwanangu anavyolia?"

"Nilimwona."

"Ondoka mbele yangu," yule mama alisema, bila kupandisha sauti, akageuka kumfunika mwanawe.

Jumapili iliyofuata Mama Usingizi alidhani Kitinda hatakuja. Alikuja, kwa kuwa asingekuja Mama angetaka kujua sababu. Walikula wakizungumzia mvua. Mumewe, aliyekuwa ameelezwa yote na ambaye tangu hapo alikuwa akimsemesha kwa uangalifu kama mtu anayetembea juu ya vigae vilivyolowa, hakutania hata kidogo. Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja.

"Mmegombana?"

"Kazi tu, Mama," Kitinda alijibu.

"Kazi gani inayowanunisha hivyo?" Akapapasa meza akitafuta chupa ya dawa yake ya macho. Kitinda akainuka haraka.

"Lete nikutie, Mama."

"Acha, kaa ule. Mwenzio ndiye anayejua jicho langu."

Mama Usingizi alizunguka meza, akamwinamisha mama mkwe kichwa, akadondosha tone moja kila jicho, akamfuta shavu kwa kidole gumba. Alipogeuka, kiti cha Kitinda kilikuwa kitupu. Alimkuta jikoni, amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka na hakuna anachoosha.

"Wifi," Mama Usingizi alianza.

"Usiniambie kitu." Kitinda alifunga bomba. "Nikimpigia Mama simu, unajua husemaje? 'Subiri kwanza nimuulize mwenzio.' Akiumwa anakuita wewe. Akiota ndoto mbaya anakusimulia wewe. Mimi daktari, mwanawe wa kumzaa, tone la dawa siaminiwi! Unadhani hainiumi? Inaniuma mpaka basi. Nimewahi kumfichia dawa yake ili nikukomoe?"

"Hujawahi."

"Nimewahi?"

"Hujawahi, wifi."

"Basi." Alijifuta uso kwa taulo ya vyombo. "Watoto wale hawakukukosea kitu. Nami nilikuuliza. Nilisimama mbele yako nikakuuliza."

Mama Usingizi alitamani kulia lakini aliona kwamba kulia hapo kungekuwa namna nyingine ya kuomba apewe kitu. Alijikaza.

"Nilikuonea wivu," alisema.

"Hilo hata fundi analijua," alisema Kitinda, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulicheza kidogo, ingawa macho hayakufuata. Akachukua mkoba wake. "Nitakuja Jumapili ijayo. Sijakusamehe. Nakuja kula."

Mwezi ule wa kliniki ulikuwa mrefu. Mama Usingizi alipima mapigo ya moyo, aliuliza wagonjwa walichokula na dawa wanazotumia, na kila mlango wa thieta ulipofunguka aligeuza shingo. Watoto wa ngiri walifanyiwa upasuaji wote, salama, na walilazwa na mwenzake wa usingizi ambaye, alivyosikia, aliwaimbia. Akamwonea wivu hata huyo. Wivu haukuwa umekwenda popote. Tofauti ilikuwa kwamba sasa aliutambua ukiingia, kabla haujakaa na kuagiza chai.

Aliporudishwa, zilibaki siku chache Kitinda amalize muda wake. Baadhi ya wauguzi walimpokea vizuri, wengine walimjibu ndiyo na hapana tu, na sista mkuu alimgeuzia ule mgongo wake wa zamani. Hakulalamika. Mkufunzi alikuja kumpima Kitinda, na akamwita kila mtu wa thieta faragha amhoji. Ilipofika zamu yake, Mama Usingizi alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Sema ukweli," mkufunzi alisema. "Anaongozaje?"

Alikuwa na majibu mawili tayari, la kumsifu mno ili ajisafishe, na la kumchoma. Aliyameza yote mawili.

"Anajua kusikiliza," alisema, na maneno yalimtoka kwa shida kama meno yanayong'olewa. "Watu wanamwambia mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mtu. Anakubali lawama na haigawi. Ila akichoka anawakata watu maneno, hasa wauguzi wa mchana. Hawamwambii kwa sababu wanampenda."

"Wewe umemwambia?"

"Leo asubuhi."

"Akasemaje?"

"Alinuna."

"Kisha?"

"Kisha akaniuliza ni nani hasa aliyeumia."

Mkufunzi alitabasamu, akamruhusu aende.

Wiki iliyofuata walikusanyika tena katika chumba kile cha mikutano. Safari hii Mama Usingizi hakuinuka nusu wala robo. Kwa miezi mitatu iliyofuata, vyumba vya upasuaji vilikabidhiwa kwa bingwa wa masikio na koo, kijana mpole ambaye hata darasani Ijumaa alikuwa akinyosha mkono kama mwanafunzi wa msingi. Watu walipiga makofi. Kitinda, upande wa pili wa meza, alimtupia wifi yake jicho la haraka na kulitoa. Kile kitu kikamnyanyukia Mama Usingizi kifuani, kikali kama mwanzo: huyu naye? Huyu aliyeingia thieta mara mbili kwa wiki?

Kikao kilipovunjika alimfuata kijana koridoni, akimwita kabla hajabadili nia.

"Una nafasi kidogo?"

"Ndiyo, Daktari," kijana alisema, akionekana kushtuka.

"Zamu ya mchana kuna wauguzi wawili hawasemezani. Ukiwapanga chumba kimoja, vifaa vitachelewa na hutajua kwa nini. Na huyo mmoja, mumewe ni mgonjwa, hapendi lijulikane. Mpe asubuhi."

Kijana alimtazama kwa mashaka. Habari za valvu zilikuwa zimeenea hospitali nzima.

"Asante," alisema. "Lakini mbona unaniambia leo? Hata sijaanza kazi."

"Kwa sababu nisipokuambia leo," alisema Mama Usingizi, "kesho sitakuambia."

Kijana alifikiri kidogo, kisha akasogeza kiti kimoja kilichokuwa kando ya ukuta, akavuta na cha pili.

"Basi kaa," alisema. "Niambie na mengine."